Ukuta wa Waliozamishwa Chali

Mwenyekiti wa wazee wa kanisa alinikuta uani nachekecha mchanga. Hakubisha hodi. Watu wa aina yake hodi ni ya kupigiwa, si ya kupiga.

"Fundi, Bwana asifiwe."

"Asifiwe," nikajibu, chekeche mkononi.

"Kuna kazi ya Bwana."

Neno hilo nimelisikia tangu kichwa changu kikiwa cheusi, na kila nikilisikia hujiuliza ni bwana yupi. Mwenyekiti ndiye mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale njia panda. Tukigombana kanisani, kitu hubomolewa. Kikibomolewa, hujengwa. Kikijengwa, saruji hutoka dukani kwake. Sisemi kwamba ugomvi huuanzisha yeye. Nasema tu sijamwona akiusikitikia.

"Kazi gani?"

"Ukuta. Kule makaburini."

Nikaweka chekeche chini.

Habari yetu si ngeni, labda na kwenu ipo. Sisi ni kanisa la maji. Wakubwa wa dhehebu walianza kwa kugombana kama mtu anyunyiziwe au azamishwe. Wa kunyunyizia wakaondoka na kinanda. Halafu wakagombana kama azamishwe mara moja au mara tatu. Wa mara tatu wakaondoka na nusu ya mabenchi. Safari hii ugomvi ni wa namna mtu anavyolazwa majini: chali au kifudifudi. Waasisi wetu, ndivyo inavyosemwa, walizamishwa kifudifudi mtoni. Chali ilikuja baadaye, tulipojenga bwawa ndani ya kanisa. Askofu wa zamani alikuwa mtu wa chali, wakamtoa. Askofu mpya ni mtu wa kifudifudi. Anasema hakuna anayemwinamia Mungu kwa kisogo. Basi ikashuka amri: wote tuliozamishwa chali hatukubatizwa, tulioga tu.

Siku amri iliposomwa nilikuwa benchi la nyuma. Mchungaji mpya, kijana mwenye sauti ya redio, aliisoma mpaka mwisho, akafunga biblia, akauliza, "Kanisa, tunakubaliana?" Kanisa zima likajibu Amina. Wengine walikuwa wanatafuta viatu chini ya benchi, wakajibu Amina wakiwa wameinama. Mama mmoja alikuwa amesinzia. Amina ya wenzake ikamwamsha, akaongeza na yake. Husemwa fahali wakipigana nyasi ndizo huumia. Sisi hata nyasi zinatushinda, maana nyasi hazishangilii.

Mimi sikuitika. Si ushujaa. Tangu nimzike mama watoto wangu, kinywa changu kikiingia kanisani hujifunga chenyewe.

Yeye aliuawa na ugomvi wa mara moja na mara tatu. Hilo nalisema na sitaki kurekebishwa. Kanisa lilikuwa na zahanati yake, chumba na nusu, na muuguzi mpole aliyejua majina ya wagonjwa wake wote. Kanisa lilipopasuka, kila upande ukadai zahanati ni yake. Hawa wakatia kufuli, wale wakatia kufuli lao juu ya kufuli. Mke wangu alikuwa na presha, na vidonge vyake vilitoka pale. Tulijaribu vya duka la dawa la mjini, vikamvimbisha miguu, akaviacha, akasema atangoja wakubwa wapatane. Wakubwa wakafanya kikao. Wakavunja kikao. Wakaitisha kikao cha kujadili kuvunjika kwa kikao. Dawa ndani, mgonjwa nje, funguo mifukoni mwa watu wanaoombeana mabaya. Akaanguka jikoni, kifuniko cha sufuria mkononi. Siku hiyo ndiyo walifungua ule mlango, wakiwa pamoja, kwa upole kabisa, kwa sababu turubai la msiba lilikuwa limehifadhiwa mle.

Nilimzika nyuma ya kanisa, upande wa chini, na ubavuni kwake nikajiachia nafasi yangu. Katika maisha yangu yaliyobaki hakuna kitu kingine nilichokuwa nakitaka. Si cheo, si kiti cha mbele. Nilale pale.

"Ukuta wa nini makaburini?" nikamuuliza Mwenyekiti. "Kuna aliyetoroka?"

Hakucheka. "Kuwatenganisha wenye ubatizo halali na wale wengine. Wa kifudifudi wabaki ndani, upande wa kanisa. Wale wengine wabaki nje."

"Na huko nje?"

"Kanisa halitakuwa na mamlaka nako. Hakuna ibada, hakuna kufyeka majani. Na mazishi yote kuanzia sasa ni ndani, kwa waliobatizwa kifudifudi tu."

"Mwenyekiti, mke wangu amelala upande wa chini."

Akaangalia saa yake. "Ni maagizo kutoka juu, Fundi. Sisi ni watekelezaji."

Maagizo kutoka juu! Nimejenga ghorofa, najua vitu vinavyoshuka kutoka juu. Vingi ni takataka.

Akaniambia kamati imeshapitisha mstari: kutoka kona ya choo hadi mkaratusi ulio peke yake, bila kupinda. Waliuchora mezani, kwa rula, wakinywa chai. Hapo ndipo nikaelewa kwamba hakuna hata mmoja aliyekwenda kutembea kule nyuma. Walidhani wafu wetu wamezikwa kwa mafundisho, juu wa hivi, chini wa vile. Wafu wetu wamezikwa kwa udugu. Mume wa kifudifudi kalazwa na mke wa chali, mtoto kalazwa miguuni kwa bibi yake, shemeji kapenyezwa palipobaki nafasi. Makaburi yale yamechanganyika kama nguo za familia moja kwenye beseni.

Ningeweza kumwambia. Sikumwambia. Nilisema, "Nitajenga." Nilitaka rula yao waione ardhini.

*

Asubuhi yake nikapigilia vigingi na kuvuta kamba. Kamba ikapita ilivyoagizwa. Mke wangu nje, na nafasi yangu nje pamoja naye. Mume wa kiongozi wa kwaya ndani, mtoto wao nje. Babu wa muuza mkaa ndani, bibi nje. Na palipofika katikati, kamba ikalala juu ya kaburi la mama mzazi wa Mwenyekiti, tumboni hasa: kichwa ndani, miguu nje.

Nikawasha sigara nikangoja.

Wa kwanza alikuwa muuza mkaa. Huyu tumekua pamoja, na kanisani wanamwita Samaki, kwa sababu amri iliposomwa alisimama mlangoni akasema, "Mimi walinizamisha chali, sasa wananigeuza kifudifudi. Wakija na fundisho la ubavu niko tayari. Samaki asipogeuzwa haivi." Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, kisha wakaenda kujiandikisha kuzamishwa upya.

"Kaka," akasema, macho kwenye kamba. "Hii kamba imekaa vibaya."

"Imekaa ilivyotumwa."

"Bibi yangu je?"

"Bibi yako alioga tu. Ulisema Amina."

"Nilisema Amina ya kawaida! Ile ya kumaliza ibada twende nyumbani."

"Basi ndiyo iliyosikika."

"Isogeze kidogo, kaka. Mkono mmoja tu. Nani atajua?"

"Babu yako atajua. Ataamka kumtafuta mkewe agonge kichwa kwenye tofali."

Akaniangalia kama nimemtemea mate. "Una roho mbaya siku hizi."

"Ninayo. Nimepewa na kanisa."

Hajafika mbali, akaja kiongozi wa kwaya. Mama yule ana sauti inayoweza kufungua mlango, lakini siku ile alinong'ona. Mtoto wake alikufa na surua akiwa hajaota meno yote. Akanisihi kwa majina yote mazuri, akaniita mwanangu, nami ni mkubwa wake. Moyo wangu ulitikisika, sitadanganya. Lakini nikamuuliza, "Mama, Jumapili uliimbisha wimbo gani baada ya amri kusomwa?"

Akajifunga kanga upya.

"Uliimbisha wimbo wa shangwe. Mara mbili. Wa pili na vigelegele."

"Kiongozi wa kwaya huimbisha anachoambiwa."

"Na fundi hujenga anachoambiwa."

Akanigeuzia mgongo. Kufika saa ya jua kali walikuwa wamejaa, kila mmoja kasimama kwenye kaburi la kwao, na kila mmoja anataka kamba ipinde kwake. Palepale wakaanza wao kwa wao. Huyu akasema kamba ikipinda kwa fulani itamtoa shangazi yake. Yule akasema shangazi huyo hata enzi za uhai alikuwa haji ibadani. Mwingine akakumbusha nani aliondoka na mabenchi. Mtu akang'oa kigingi, mwingine akamnyang'anya. Waliokaa miaka wakipeana mikono ya amani mlangoni wakaanza kusukumana juu ya mama zao.

Mwenyekiti akaja anatweta. Akasimama mbele ya kaburi la mama yake. Akaitazama kamba. Akanitazama mimi.

"Fundi, hapa kamba imelegea."

"Haijalegea, Mwenyekiti."

"Imelegea. Isogeze chini."

"Kwa amri ya nani?"

"Kwa amri yangu!"

"Lakini wewe ni mtekelezaji," nikamwambia. "Maagizo hutoka juu."

Kicheko kilichotoka pale hakikuwa kizuri. Kilikuwa kama cha watu wanaomwona jirani akianguka kwenye tope walilomo wenyewe. Mwenyekiti akavimba mishipa ya shingo. Akasema mimi ni mtu wa uchungu, nimeshindwa kusamehe, na mtu asiyesamehe hana sehemu mezani pa Bwana. Nikamwambia meza ya Bwana siijui siku hizi, maana kila wakipasuka wanaondoka nayo.

Mchungaji mpya ndiye aliyemaliza, na sauti yake ya redio. Alipanda juu ya rundo la tofali zangu na kutangaza. Kanisa lina huruma, akasema. Aliye hai akikubali kuzamishwa kifudifudi, akaukana ubatizo wa uongo, wafu wake wa damu na wa ndoa watahesabiwa pamoja naye. Ukuta utapinda kuwafuata. Lakini aliye hai na hakubali, ukuta hautampisha, na ndani hatazikwa.

"Tunakubaliana?"

Sina haja ya kuwaambia walijibu nini. Muuza mkaa alikuwa wa kwanza kuuliza kama aje na taulo lake.

*

Binti yangu hushona nguo, na mtaani wanamwita Mama Pacha. Ndiye aliyebaki kwangu. Kaka zake wako mbali, hupiga simu. Nilimkuta kibarazani kwake anapinda shingo za majoho meupe ya ubatizo. Kitambaa kilimfunika magoti kama shuka la mgonjwa.

"Umepata tenda," nikamwambia.

"Baba, usianze." Mguu wake haukuacha kanyagio la cherehani. "Nimeshajiandikisha."

"Kujiandikisha wapi?"

"Unajua wapi. Nitazamishwa Jumamosi, mama aingie ndani."

"Mama yako hana shida ya kuingia. Alishaingia."

"Na majani yakimea mpaka msalaba usionekane? Na mbuzi wa watu wakilala juu yake? Wewe utafyeka mpaka lini, Baba? Magoti yenyewe hayo." Akakata uzi kwa meno. "Ni maji tu. Unainama, unainuka, unakausha nywele."

"Watakuuliza kama unaukana ubatizo wako."

"Nitasema naukana. Nilikuwa na miaka mingapi? Sikumbuki hata maji yalikuwaje."

"Mimi nakumbuka."

Cherehani ikasimama. Alijua ninachokumbuka. Tulizamishwa siku moja, mimi na mama yake, kabla ya ndoa, katika bwawa lile lile la kanisa. Askofu wa zamani alitulaza chali tukiwa tumeshikana mikono. Mama yake, wakati huo bado binti wa watu, akameza maji, akaibuka anakohoa na kucheka kwa pamoja, akanishika shati kwa nguvu mpaka kifungo kikaruka. Mbele ya kanisa zima! Mama mkwe wangu alitaka kuzimia kwa aibu. Mimi ndipo nilipojua nitamwoa, hata mahari iwe kubwa kiasi gani.

"Baba," akasema, sasa kwa upole, na upole wake ndio nilioogopa. "Nikizamishwa mimi, ukuta utapita ubavuni kwa mama. Kati yake na nafasi yako. Yeye ndani, wewe nje. Unalitaka hilo?"

Sikuwa nimelifikiria. Hasira ilikuwa imeniziba macho, nikawa naona rula yao tu.

"Njoo na wewe Jumamosi," akasema. "Useme neno moja tu. Mama angesema."

"Mama yako angecheka."

"Angecheka, halafu angesema."

Nikaondoka. Lakini kipimo cha joho alikuwa ameshakichukua kwa macho. Jumamosi asubuhi nililikuta mlangoni kwangu, limekunjwa, limepigwa pasi.

*

Nililivaa. Andikeni hivyo, mtu asije akasema sikujaribu.

Foleni ilianzia bwawani ikapita katikati ya mabenchi mpaka nje. Watu wazima ndani ya majoho meupe, miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji, wanatetemeka na kutaniana. Muuza mkaa alikuwa mbele yangu kidogo. Alipozamishwa aliibuka akasema, "Upande wa pili tayari!" na hata mchungaji akauma mdomo. Binti yangu akaingia. Akaulizwa, akajibu "Naukana" haraka haraka kama mtu anayemeza kidonge, akainamishwa, akainuka. Alipopita karibu yangu, maji yanamdondoka kidevuni, akanigusa kiwiko.

Nikashuka ngazi. Maji yakafika kifuani. Mchungaji akanishika kisogo kwa mkono mmoja.

"Unaukana ubatizo wako wa kwanza, ule wa uongo?"

Nilikuwa nimelifanyia mazoezi lile neno nyumbani. Ni neno jepesi. Nikafungua kinywa.

"Mchungaji, sikuwa peke yangu siku ile."

"Sikuulizi ulikuwa na nani. Unaukana?"

"Nikisema ule ulikuwa uongo, nimesema na yule niliyeshikana naye mkono alikuwa kwenye uongo. Yeye hayupo kujibu. Ninyi wenyewe ndio mnaomjengea ukuta, sasa mnataka mimi ndiye nimtoe nje kwa kinywa changu, ili mniruhusu kulala naye ndani?"

"Mzee, hii si kesi. Ni ndiyo au hapana."

Nyuma kukaanza kuguna.

"Fundi, sema tu! Maji yanapoa!"

"Yalishapoa toka zamani!"

"Anajifanya yeye ndiye aliyefiwa peke yake!"

Mwenyekiti alikuwa kando ya bwawa, joho limemkaa juu ya tumbo kama pazia kwenye dirisha dogo. Yeye alishazamishwa wa kwanza kabisa, na mama yake alishaingia ndani mzima, kichwa na miguu. "Mzamishe tu, Mchungaji!" akasema. "Mtu huyu anachelewesha kanisa."

Hapo muuza mkaa, kwa wema wake, maana ana wema, akapaza sauti kutoka kwenye mabenchi: "Kaka, sema ndiyo kwa mdomo, moyoni useme hapana! Si sote tumefanya hivyo?"

Nilisikia maji yakitiririka kutoka kwenye majoho ya watu.

"Nani kasema hivyo?" akauliza mchungaji.

Muuza mkaa alikuwa ameingiza uso wote ndani ya taulo. Kiongozi wa kwaya akatazama dari. Watu wote waliokuwa wameloa wakawa ghafla na nywele za kukausha, na waliokuwa bado kavu wakawa na vidole vya miguu vya kutazama.

"Nauliza nani kasema!"

"Hayupo," nikamwambia. "Humu hakuna mtu, Mchungaji. Unabatiza mavazi."

Akakasirika kijana wa watu. Akanisukuma kisogo. Lakini shingo hii imebeba makarai ya zege ghorofa kwa ghorofa, haikupinda kwa mkono wa mtu anayeshika kipaza sauti. Tukasukumana pale kama mafahali kwenye dimbwi, maji yakaruka mpaka mabenchi ya mbele, akina mama wakapiga kelele. Nikautoa mkono wake shingoni, nikapanda ngazi. Kichwa changu kilikuwa kikavu.

Nilidhani nikipita katikati yao hata mmoja atasema neno. Walisogea pembeni, ndiyo, kama watu waliosogelewa na mwenye upele. "Unatuharibia siku," akasema mmoja. "Ndiyo maana hata mke alimtangulia," akasema mwingine, na huyo nilimjua kwa sauti, alikula na kunywa kwenye msiba wangu. Sikusimama. Ningesimama, leo ningekuwa nasimulia haya nikiwa jela.

Binti yangu alinifuata mpaka nje, miguu mitupu kwenye kokoto.

"Neno moja, Baba! Neno moja lilikushinda!"

"Lilinishinda."

"Mimi nimelisema! Kwa ajili ya mama nimejidhalilisha, nimesema kitu nisichokiamini, mbele ya wateja wangu! Na wewe unatoka pale kama shujaa. Mimi ni nani sasa? Ni mnafiki?"

"Sijakuita hivyo."

"Hujaniita. Umenitazama." Alikuwa analia kwa hasira, si kwa huzuni, namjua. "Unapenda kuwa nje, Baba. Ungepewa mlango wazi ungetafuta dirisha la kulalamikia."

Akarudi ndani. Maneno yale yalinikaa, na bado yamenikaa, nisiseme mengi.

*

Ukuta nikaujenga. Wengi wameniuliza kwa nini sikuutupilia mbali. Mwenyekiti alikuwa ameshasema kipande cha kwangu atampa fundi mwingine, kijana wake wa dukani, aepushe maneno. Nikamwambia hakuna mkono mwingine utakaochimba msingi karibu na kichwa cha mke wangu. Akaniacha. Nadhani aliona ni ushindi.

Ukapinda kila walipotaka upinde. Ulimzunguka bibi wa muuza mkaa, ukamkumbatia mtoto wa kiongozi wa kwaya, ukatoa kitambi mbele ya mama wa Mwenyekiti. Ukiutazama kutoka kwenye ngazi za kanisa unaona nyoka aliyemeza panya wengi kwa pupa. Hakuna mpango, hakuna unyoofu, na kila mmoja aliyekuwa anapita aliusifu palipomhusu.

Kipande cha mwisho kilikuwa kile, kati ya mama watoto wangu na mimi. Nilikijenga nikiwa nimesimama nje. Nikachimba msingi kwa uangalifu, udongo nikauweka upande wangu. Nikapanga mstari wa kwanza wa tofali, wa pili, wa tatu. Ukafika gotini. Nikasimama. Nikaosha vyombo vyangu.

Mwenyekiti akaja kukagua. "Hapa bado."

"Hapa tayari."

"Fundi, ukuta wote unafika kichwani. Hapa mtoto anavuka!"

"Na mzee pia."

"Umekubali kazi. Umalize."

"Nimemaliza yangu. Saruji unayo, tofali unazo, vijana unao. Anayetaka uende juu aje aupandishe yeye, mimi nikiwa nimesimama hapa hapa namtazama."

Alisimama muda, mikono kiunoni. Alimwita mchungaji, mchungaji akaja, akautazama ukuta, akanitazama mimi, akasema suala litapelekwa kwenye kamati. Kamati ikalipeleka juu. Huko juu lilikofika halijarudi, kwa sababu wakubwa wameshapata jingine: kama mkate wa meza ya Bwana uwe na hamira au usiwe na hamira. Nasikia upande wa hamira umeshaanza kuhesabu vikombe. Waumini wameulizwa kama wanakubaliana, nao wamekubaliana, pande zote mbili, kwa wakati mmoja.

Mimi siendi tena ibadani. Jumapili, wao wakiwa ndani wanaimba, nakwenda nyuma na panga langu. Nafyeka kwake, navuka, nafyeka kwangu.

Jumapili iliyopita nilimkuta binti yangu ameketi juu ya ile sehemu fupi, miguu upande wa mama yake. Tulikuwa hatujasemeshana tangu ile siku ya maji. Wanawe pacha hunipungia mkono dirishani; yeye hapungi.

"Huendi kuimba?" nikamuuliza.

"Leo wanatetea hamira. Nimechoka."

Nikasimama na panga langu, sijui niondoke au niendelee.

"Bado una hasira?" nikamuuliza.

"Ninazo."

"Hata mimi."

"Najua, Baba. Wewe usipokuwa nazo tutaita daktari." Hakutabasamu. Akavuta sketi yake pembeni, akatazama mbele. "Basi keti. Unanizibia jua."

Nikaketi, miguu yangu upande wangu.